Barafu Ndani ya Pamba Safi

Baba yangu alirudi Dutwa mwaka ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwetu kwa mara ya kwanza. Alishuka kwenye basi la Mwanza na sanduku la bati, mwavuli mweusi, na koti jeupe alilokuwa amelikunja mkononi ili lisishike vumbi. Jina lake Januarius, lakini kijijini walizoea kumwita Hoteli, kwa sababu tangu ujana wake alikuwa akifanya kazi ya kaunta ya vinywaji katika hoteli moja ya serikali kule Mwanza. Sasa hoteli ilikuwa imeuzwa. Mwenye mali mpya alikuja na watu wake, na wafanyakazi wa zamani wakaagwa.

Mimi ndiye Kabula, mtoto wake wa kwanza. Nilikua nikimjua baba kama mtu wa Krismasi. Alikuja na sukari, vitenge na harufu ya sabuni nzuri, akakaa kidogo, akaondoka. Mama yangu, Milembe, ndiye aliyelima, akachunga, akatuozesha, akaezua nyumba na kuiezeka tena. Alikuwa mwanakwaya, hanywi pombe, na kazi ya mumewe hakuwahi kuiona. Mara moja tu alikwenda Mwanza, akiwa amembeba mdogo wangu mgonjwa, akamsubiri baba nje ya geti la hoteli. Baba alimwambia aingie apumzike, yeye akakataa kwa aibu ya miguu yake yenye vumbi. Alichokiona cha hoteli ile ni ukuta wenye maua.

Basi baba aliporudi moja kwa moja, wakawa watu wawili wanaoheshimiana sana na wasiojuana. Mama alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, akamwita Baba Kabula kwa adabu zote, kisha akaenda zake shambani. Baba naye akachukua jembe akamfuata. Mikono yake ikachubuka. Ulipofika wakati wa kuvuna akajitahidi kuchuma, lakini pamba inataka vidole vinavyoijua. Yeye alichuma na majani, na vijiti, na maganda. Kwetu pamba nyeupe isiyo na taka huitwa safi, na ile chafu yenye madoa huitwa fifi. Karibu kila alichochuma baba kiliingia kwenye fifi. Mama hakumsema. Jioni alikaa kwenye mkeka akakichambua upya, taratibu, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini.

Siku moja baba alitoka ndani akamkuta katika kazi hiyo. Alisimama kidogo, akarudi ndani. Kesho yake alifunga lile sanduku la bati nyuma ya baiskeli akaja kwangu Bariadi.

Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ulikuwa mji mdogo uliochangamka kwa msimu. Nilikuwa na grosari karibu na stendi: chumba kimoja, kaunta ya mbao, mabenchi, na friji la mafuta ya taa lililopoza bia kama lilivyotaka lenyewe. Msimu ule watu walijaa. Kila kampuni ilileta watu wake wa mizani, madereva wake, makarani wake. Maduka nayo yalijaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivisikia tu: sabuni za manukato, biskuti za kopo, redio za kila aina. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni ya magadi tuliingia maduka yale kuangalia tu, tukatoka tumefurahi.

"Nipe kazi," baba aliniambia. "Hata ya kufuta glasi."

 Nilimpa kitambaa. Akafuta glasi zangu zote, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa mlango, akazipanga kwa namna ambayo grosari yangu ilionekana kama ya mtu mwingine.

Alikuwa katika kazi hiyo alipoingia mzee Limbu. Zamani Limbu alikuwa ofisa wa ushirika wa pamba, na alikuwa akisafiri kwenda Mwanza kwenye mikutano. Sasa kampuni moja ilikuwa imemchukua ainunulie pamba, kwa kuwa alivijua vijiji vyote, Nkoma, Zagayu, mpaka kule mwisho wa barabara.

"Mwadila, mwanangu," alinisalimia, salamu yetu ya mchana.

"Mwadila, baba. Karibu."

Akataka kukaa, kisha akasita. Alikuwa anaitazama mikono ya baba inavyogeuza glasi.

"Wewe si Januarius?" akauliza. "Januarius wa kaunta?"

Baba akainua uso. Nikaona mgongo wake unanyooka. "Karibu sana, mzee Limbu," alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, laini na ya taratibu. "Ile meza yako ya pembeni sinayo leo, lakini utakaa."

Walishikana mikono, hawakuachiana upesi. Wakaulizana habari za fulani na fulani. Wengine wamestaafu, wengine wamekufa, mmoja anauza mitumba Magu. Kisha Limbu akacheka akasema, "Sasa nitengenezee jin sawa."

"Jin gani iko sawa?" nikauliza, maana nilidhani ananiagiza mimi bidhaa.

Hapo baba alicheka. Tangu arudi sikuwa nimemsikia akicheka. Akanieleza kwamba hicho ni kinywaji, na hiyo sawa ndivyo wazungu wanavyotamka neno la uchachu; ndani yake kuna pombe kali ya jini, maji ya limau, sukari iliyoyeyushwa, na ute mweupe wa yai, vyote vinatikiswa pamoja na barafu mpaka vitoe povu.

"Yai bichi kwenye pombe?" nikasema.

"Ukinywa hutalijua kama lipo. Utajua tu kwamba kinywaji kimekuwa laini." Akamgeukia Limbu. "Lakini barafu sina, mzee. Na bila barafu, hiyo ni dawa ya kifua."

Limbu alikubali bia, akainywa bila haraka. Alipoondoka alisema Jumamosi angekuja na wenzake wa kampuni, kabla hawajahamia vituo vingine. "Ukiweza, Januarius. Usipoweza, tutakunywa bia tu na kuzungumza ya zamani."

"Nitaweza," baba alisema.

Mpaka leo nikikumbuka siku zile chache zilizofuata, namwona baba akitembea Bariadi kama mtu aliyetumwa. Alikwenda dukani kwa Nkwabi, akaiona chupa ya jini imesimama nyuma ya makopo ya maziwa, akaiinua, akaitazama kama anavyotazama glasi, akainunua. Alizunguka sokoni akibonyeza malimau. Aliyataka yenye ganda jembamba na mazito mkononi, akawaudhi akina mama wauzaji kwa kuyarudisha, kisha akawafurahisha kwa kuwasalimia vizuri. Mayai aliyachukua kwa kuku wangu mwenyewe asubuhi yanapotagwa. Aliyeyusha sukari kwenye sufuria, akaiacha ipoe, akaichuja kwa kitambaa. Kisha akafungua lile sanduku la bati, akatoa kopo la chuma linalong'aa lenye kifuniko, ambalo wenyewe huliita sheka. Hotelini walimwachia alichukue siku ya kuagana. Alikuwa amelificha chini ya nguo zake kana kwamba ni kitu cha kuonea aibu.

Ikabaki barafu. Friji langu halikuwa na uwezo huo. Barafu ya kweli ilikuwa Lamadi, kando ya ziwa, kwa wafanyabiashara wa samaki waliokuwa wakipakia sangara kwenye magari. Shangazi yangu Felisita, mdogo wake baba, alikuwa na biashara yake huko. Jumamosi alfajiri baba akapanda basi.

Kisa cha Lamadi nilisimuliwa na shangazi mwenyewe, na kila alipokisimulia alilia kwa kicheko. Alimwona kaka yake anashuka na gunia tupu, akamkaribisha, akampa uji, kisha akauliza shida iliyomleta.

"Nataka barafu," baba akasema.

"Barafu ya nini, kaka?"

"Ya jini."

Shangazi akaweka kisu chini. "Jini gani, Januarius? Kazi imekwisha ndiyo ukaenda kwa waganga?"

"Siyo hayo majini, Felisita. Hii ni jini ya chupa."

"Ndiyo hao hao! Si hufungiwa kwenye chupa?"

Ilibidi baba amweleze jambo zima tangu mwanzo, mzee Limbu, hoteli, yai na limau, mbele ya wachuuzi waliokuwa wameacha samaki wao wakaja kusikiliza. Mwishowe shangazi alimpa pande kubwa la barafu safi, lile wanaloweka pembeni kwa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka kwenye basi la kurudi, bado akitikisa kichwa.

Basi lilikwenda vizuri mpaka likakaribia Dutwa. Hapo springi ikakatika. Abiria wakashuka, jua likiwa kali. Gunia la baba lilikuwa linavuja maji kwenye mchanga. Alilitazama kwa muda mfupi tu, akalibeba begani, akaanza kutembea kwenda nyumbani, maana hapakuwa mbali na barabara.

Mama alikuwa uani anashindilia pamba kwenye magunia. Wanunuzi walikuwa wanaigombania pamba Bariadi, na majirani walikuwa wamekodi lori la kuipeleka wenyewe. Akamwona mumewe anaingia amelowa upande mmoja mpaka kwenye kiatu.

"Baba Kabula, umebeba nini kinachotoa maji hivyo?"

"Barafu."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Ya kazi." Akatua gunia kivulini. "Basi limeharibika. Limbu na wenzake wanakuja leo kwa Kabula, nimewaahidi kinywaji. Kama hii ikiyeyuka, basi tena."

Mama aliniambia baadaye kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona baba akiwa na haraka. Alipokuja likizo alikuwa mtu wa kupumzika. Aliporudi moja kwa moja alikuwa mtu wa kukaa. Siku ile alimwona anahema, macho yanatafuta, na akatambua kwamba mtu huyu alikuwa na jambo alilolipenda ambalo yeye mkewe hakulijua.

Baba aliinama kwenye rundo la fifi, akachota kwa mikono miwili ili aifunge barafu.

"Acha hiyo," mama akasema. "Ina majani na vumbi. Itaingia kwenye vinywaji vya watu."

Akafungua gunia alilokuwa amelishindilia asubuhi ile, akatoa pamba safi, nyeupe, aliyoichambua kwa mkono wake jioni baada ya jioni. Akaitandaza kwenye karai kubwa. Wakaweka barafu katikati ikiwa imefungwa kwenye kitenge, mama akaifunika kwa pamba nyingine, tabaka juu ya tabaka, akaibana kama anayemfunika mtoto.

"Italowa hii, Mama Kabula. Wataikataa kwenye mizani."

"Nitaianika," mama akasema. "Shika upande huo."

Lori lilipofika walipanda wote wawili juu ya magunia. Mama alikuwa aende na mzigo wake hata hivyo, lakini kwa kawaida angekaa na wanawake wenzake. Safari ile alikaa na mumewe, karai kati yao, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa karai, na kila lori lilipoyumba walilibana kwa magoti. Ndivyo nilivyowaona wakiingia Bariadi jioni ile, nimesimama mlangoni nimekata tamaa, Limbu na wenzake wakiwa tayari ndani na bia mezani. Walikuwa vumbi tupu, pamba imewashika kwenye nywele. Nilidhani kuna msiba.

Baba alishusha karai. Alikwenda nyuma, akanawa uso na mikono, akarudi amevaa lile koti jeupe. Mama hakutaka kuingia baa. Alikaa kwenye benchi la nje, chini ya bati, ila akaligeuza kidogo ili auone mlango.

Barafu ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Baba aliivunja kwa nyundo ndani ya kitambaa. Akakamua malimau, akayachuja. Akapasua yai kwenye ukingo wa glasi, akalihamisha kutoka ganda hadi ganda mpaka kiini kikabaki peke yake na ute ukateleza wote chini bila kuvunjika. Wale vijana wa kampuni walikuwa wakizungumza kwa sauti; hapo wakapunguza. Akatia jini, limau na ile sukari. Akafunga sheka, akaitikisa kwanza bila barafu, kisha akafungua akatia barafu, akafunga tena, na sasa akaitikisa kwelikweli, juu ya bega, mikono yake ile yenye malengelenge ya jembe ikienda kwa mpigo mmoja. Chuma kikafanya ukungu. Nilimtazama usoni. Hakuwa anatuangalia. Alikuwa anasikiliza sauti ya barafu ndani ya kopo, na alipoisikia ile aliyoitaka, aliacha.

Sikuwa na glasi za kinywaji kile. Alikimimina kwenye glasi zangu za chai. Kilitoka cheupe kama maziwa, kikatulia, povu likapanda juu likawa nene na laini, na chini yake kinywaji kikabaki na rangi ya limau iliyofifia.

Limbu alikunywa. Akaweka glasi mezani, akaitazama. Kijana mmoja akamuuliza, "Vipi, mzee?"

"Ngoja kwanza," Limbu akasema. Akatoa leso akajifuta mdomo, kisha akajifuta na macho, wala hakuficha. "Ngoja. Nilikuwa mbali kidogo."

Wenzake wakataka nao. Mmoja alisema kichachu mno kwake, akarudi kwenye bia yake, na baba akamcheka kwa upole akasema hiyo ni haki yake. Wengine waliongeza. "Mzee, tupe sawa nyingine!" walipiga kelele, na watu wa stendi wakaanza kuchungulia dirishani kujua ni nini kiko sawa humo ndani.

Mimi nilikuwa nikitazama mlango. Mama alikuwa amesimama sasa. Alikuwa ameegemea mhimili, mikono ameifumbata, anamtazama baba kama anavyomtazama mtu mgeni kanisani ambaye ameanza kuimba na kumbe ana sauti.

Baba alimwona. Akasafisha sheka kwa maji, akakamua limau jingine, akatia sukari zaidi kidogo, akapasua yai, akatia barafu. Jini hakutia. Aliitikisa kwa nguvu ileile, hakumpunguzia hata kidogo. Akamimina, akaiweka glasi kwenye sahani ndogo, akatoka nayo nje, akainama mbele ya mama kama walivyofundishwa kuwainamia wageni.

"Karibu, mama," akasema.

"Kwani hujui kwamba sinywi?"

"Haina pombe. Limau, sukari, na barafu yako."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akanusa. Akanywa kidogo, akakunja uso kwa ile chachu na ubaridi, akanywa tena. Povu likamshika kwenye mdomo wa juu. Baba akamwonyesha kwa kidole kwenye mdomo wake mwenyewe, na mama, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele za watu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye benchi.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Kumbe miaka yote ile ulikuwa unafanya hii."

"Ndiyo hii, Mama Kabula."

"Wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwetu. Kisha akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa. Nieleze. Hao wazungu wa hoteli walikuwa wanakaa wapi, na wewe ulikuwa unasimama wapi?"

"Nina wateja ndani."

"Kabula yupo."

Baba akaniangalia. Nikampa ishara akae. Nilifungua bia za wale vijana mwenyewe, na kupitia mlangoni nilimwona anachora kwa kidole kwenye vumbi, kaunta hapa, madirisha yanayoangalia ziwa pale, mama ameinama anafuata kidole.

Baba alifanya kazi kwangu msimu ule hadi ulipoisha, na msimu uliofuata. Jumamosi za mavuno watu walikuja hata kutoka Nkoma kwa ajili ya sawa yake, na shangazi Felisita akawa anatuma barafu kwa basi bila kuombwa. Kisha mambo yakabadilika tena kama yalivyozoea kubadilika miaka ile. Kampuni nyingine zikafunga vituo, Limbu akaugua akarudi kwao Zagayu, umeme ukaja na friji zake, na vijana wakataka vinywaji vya kufungua na kunywa. Mimi nilipanua grosari, nikaongeza vyumba vya kulala wageni. Baba akarudi Dutwa, safari hii kwa hiari yake. Kuchuma pamba hakukujua vizuri mpaka mwisho wa maisha yake.

Siku moja nilikwenda kuwaona bila taarifa, mchana. Niliwasikia kabla hawajaniona. Walikuwa uani wamekaa kwenye mkeka, rundo la pamba katikati, wanachambua. Baba alikuwa anasimulia habari za mgeni mmoja wa hoteli aliyezoea kusinzia kwenye kiti huku glasi imesimama juu ya kitambi chake bila kumwagika. Mama alimkatiza akamwambia hapana, si huyo, huyo alikuwa yule wa treni. Wa kitambi alikuwa na mbwa.

"Kweli," baba akasema. "Alikuwa na mbwa."

"Haya, endelea."

Nilivua viatu nikasubiri amalize ndipo nikabisha hodi.